Nimeitwa kufundisha timu ya wanaume. Niende?

Swali: Madam Kocha, hujambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili kaunti ya Vihiga, nina miaka 31. Nilicheza ligi ya wanawake miaka sita mpaka goti likakataa. Nina leseni ya ukocha ya CAF (Shirikisho la Soka la Afrika), ngazi ya B, na kwa miaka minne nimeifundisha timu ya wavulana ya shule yetu. Juzi mwenyekiti wa klabu moja ya wanaume ya Ligi ya Supa, daraja la pili hapa Kenya, alinipigia simu. Wamemfuta kocha, zimebaki mechi tisa, timu ni ya tatu kutoka mkiani na wachezaji hawajalipwa miezi miwili. Anataka niwe kocha mkuu mpaka msimu uishe. Mume wangu ameniunga mkono. Mama mkwe anauliza nitaingiaje chumba ambacho wanaume wanavua nguo. Nahodha wao ana miaka 34, amenizidi umri. Je, watanisikiliza? Na nitajuaje kama wananitaka kwa kazi au kwa picha ya gazetini?

Jibu: Mdogo wangu, sijambo, na hongera kwa hiyo B. Najua inavyopatikana: likizo za shule zinaishia kozini, nauli inatoka mfukoni mwako, na ukirudi nyumbani kazi zako zote zimekungoja pale pale.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo likipata jibu mengine yatajipanga. Nina zaidi ya miaka 25 katika kazi hii. Nilianzia viwanja vya shule hapa Kakamega, nikawa msaidizi na kisha kaimu kocha katika klabu mbili za wanaume za madaraja ya chini, na siku hizi ninawafundisha wanaofundisha. Nilichokiona ni kwamba wachezaji wanaogopwa bure. Mwanamke kwenye benchi la wanaume huangushwa na ofisi, na mara nyingi ameshaanguka siku ile anapokubali kazi bila kuuliza nani anapanga kikosi.

Mwezi Mei 2014 klabu ya Clermont Foot, iliyokuwa ikicheza daraja la pili nchini Ufaransa, ilimtangaza Helena Costa, Mreno, kuwa kocha mkuu. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Mwezi uliofuata, kabla timu haijagusa mpira wa ligi, akajiuzulu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuta mechi za kirafiki zimeshapangwa na wachezaji wameshasajiliwa bila yeye kuulizwa, akaelewa kwamba kilichotakiwa kwake ni sura. Alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Akalifungua mapema, akaona, akamrudishia mwenyewe mbuzi wake. Wako waliosema amewaangusha wanawake wenzake. Mimi namheshimu mpaka leo kwa kuondoka kabla jina lake halijabandikwa kwenye vipigo ambavyo hakuvipanga.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapo ndipo penye jibu lako. Rais yuleyule wa klabu, Claude Michy, akamleta mwanamke mwingine: Corinne Diacre, beki wa zamani aliyeichezea Ufaransa mechi 121. Agosti 2014 alianza ligi kwa kufungwa 2-1 na Brest. Akakaa misimu mitatu. Alimaliza nafasi ya 12, kisha ya 7, kisha ya 12 tena, na mwaka 2017 akaondoka kwenda kuifundisha timu ya taifa ya wanawake ya nchi yake. Klabu ileile, ligi ileile, chumba kilekile cha kubadilishia nguo. Kama shida ingekuwa kwamba wanaume wa Clermont hawafundishiki na mwanamke, Diacre asingeuona mwezi wa tisa. Na kabla yao wote kulikuwa na Carolina Morace wa Italia, aliyepewa timu ya wanaume ya Viterbese, daraja la tatu, mwaka 1999. Aliondoka baada ya mechi mbili tu.

Mimi pia nina gunia langu. Klabu siitaji. Nilikuwa kaimu kocha, tulikuwa na mechi Bungoma, na kikosi nilikiandika alfajiri kwenye karatasi ya daftari nikampa meneja wa timu aijaze fomu na kuipeleka kwa waamuzi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi. Dakika ishirini kabla ya mechi, kipa wangu, kijana mpole wa Malava, akanijia na glavu mkononi. Akaniuliza, “Madam, nimekosa nini?” Sikumwelewa. Nikaenda kuitazama ile fomu. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, mistari miwili, na juu yake pameandikwa jina la kipa wa pili, ambaye mjomba wake ndiye aliyelipia basi siku hiyo. Mwandiko haukuwa wangu.

Nilikuwa na dakika ishirini za kusema hapana, na sikusema. Nilijiambia nitalimaliza Jumatatu ofisini. Tulifungwa matatu, lakini mabao nimeyasahau. Nisichokisahau ni mapumziko. Nilisimama mbele yao nikaongea kuhusu nafasi iliyokuwa wazi nyuma ya viungo wetu, na wachezaji kumi na mmoja wakawa wanatazama chupa za maji. Hakuna aliyenitukana wala aliyecheka. Walikuwa wameshajua kwamba mpangaji wa timu ni mtu mwingine, sasa maneno yangu wayafanyie nini? Kocha mwanamume angefanyiwa vilevile, na wengi wamefanyiwa. Tofauti ilikuja Jumatatu. Yeye angeulizwa kwa nini amekubali. Mimi niliambiwa, “Tulisema mwanamke hataweza.” Kalamu nyekundu haikutajwa na mtu.

Kwa hiyo usiende kwa mwenyekiti na moyo tu. Nenda na ukurasa mmoja ulioandikwa, na umwombe auwekee sahihi. Uandike kwamba kikosi kinapangwa na wewe na fomu ya mechi unaijaza na kuiwasilisha wewe mwenyewe. Uandike msaidizi wako ni nani na nani amemchagua, mshahara wako ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi, na mkataba unaisha lini. Uandike pia kwamba mchezaji hasajiliwi wala haachwi bila neno lako. Mwenyekiti anayekutaka kwa kazi atausoma, atabishana nawe kidogo kuhusu pesa, kisha atasaini. Anayekutaka kwa picha ataanza kuzungumzia siku ya waandishi wa habari.

Tazama pia cheo chenyewe kimeandikwaje. Waingereza wakisema meneja wanamaanisha yule anayepanga timu. Kwetu meneja wa timu ndiye anayetafuta basi, anayetunza kadi za wachezaji, anayehesabu jezi na kununua maji. Ni kazi ya heshima na timu haisogei bila yeye. Lakini nimewaona makocha wanawake wenye leseni wakitangazwa kwa vifijo kuwa mameneja wa klabu za wanaume, wakapigwa picha, halafu wakaachiwa jezi za kufua. Barua yako isome “kocha mkuu”, na jina lako liandikwe hivyohivyo kwa wasimamizi wa ligi. Hapa leseni inaingia. Ngazi za CAF unazijua: D, C, B, A na Pro. Kwa klabu inayocheza mashindano ya Afrika, CAF inamtaka kocha mkuu awe na A, na ligi za nyumbani zina masharti yao. Soma kanuni za ligi yako za msimu huu, mstari kwa mstari, kabla ya kusaini. Kuna klabu humwandika mtu mwingine mwenye leseni kubwa kama kocha mkuu kwenye makaratasi, na anayetoka jasho uwanjani hana jina popote. Mkishinda, rekodi ni ya yule. Mkishuka daraja, mashabiki watakukumbuka wewe.

Sasa, je, watakusikiliza?

Nikueleze kuhusu beki wa kushoto. Ilikuwa klabu yangu ya pili, mazoezi tunafanyia uwanja wa shule upande wa Mumias. Alikuwa na miaka 33, amecheza Ligi Kuu, na aliniita “Madam” kwa namna ambayo neno lilikuwa refu kuliko kawaida. Kila kona iliyopigwa kutoka upande wa kulia, mtu wake alimponyoka kwenye nguzo ya pili. Makocha wawili kabla yangu walikuwa wamempigia kelele aamke. Mimi nilikaa nyuma ya goli mazoezi mawili nikimtazama miguu. Alikuwa analala? Hapana. Alisimama kifua chote kikiuelekea mpira, mgongo kwa mtu wake, hivyo yule alipoanza kukimbia yeye alikuwa wa mwisho kujua.

Sikumwambia kitu mbele ya wenzake. Baada ya mazoezi nilimwomba abaki dakika kumi pamoja na kijana mmoja wa kupiga kona na mwingine wa kukimbia. Nikamgeuza asimame kiubavu: bega moja kwa mpira, bega moja kwa mtu wake, mkono wa nyuma umguse yule kidogo tu ili ahisi anapoanza kuondoka, na hatua mbili mbali na nguzo badala ya kuikumbatia. Mara tano za kwanza alikosa. Ya sita mpira ulimgonga begani. Ya saba akautoa kwa kichwa mpaka kwenye mstari wa pembeni. Hakusema kitu, akachukua begi lake akaenda. Jumapili tulipigiwa kona nyingi, na mbili alizitoa yeye pale palepale nguzo ya pili. Tukiwa tunapanda basi akanisogelea akauliza, “Kocha, na wakipiga ile kona fupi, mimi natoka au nabaki?” Tangu siku hiyo sikuwahi kusikia Madam tena kwake, na ndani ya wiki mbili hata kwa vijana. Sikumwomba mtu yeyote abadilishe jina.

Mchezaji anataka kucheza, kushinda na kulipwa. Ukimwongezea kimoja kati ya hivyo atakusikiliza hata kama unatoka mwezini. Watakuambia hujawahi kucheza mpira wa wanaume. Arrigo Sacchi hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, alikuwa akiuza viatu, na AC Milan yake ilichukua Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Wala huna haja ya kwenda Italia. Vihiga Queens wa kaunti yako, waliposhinda mchujo wa CECAFA, kanda ya Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2021 na kwenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika ya kwanza kabisa, kocha wao alikuwa Charles Okere. Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipofuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Afrika la Wanawake, mwaka 2016, kocha alikuwa David Ouma. Wote wawili walifanya kazi nzuri na nilifurahi. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza mwanamume atawezaje kuwafundisha wanawake, au ataingiaje chumba chao.

Sababu ya sisi kuwa wachache inajulikana. Chama cha soka cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vyake mwaka 1921 na kufuli hilo likakaa karibu miaka 50. Ujerumani Magharibi walipiga marufuku mwaka 1955 mpaka 1970. Nchi hizo ni miongoni mwa zilizoandika vitabu vya ukocha tunavyosomea, kwa hiyo kozi zilijaa wanaume kizazi baada ya kizazi, na watu wakazoea kuona hivyo.

Nahodha wako umwone wa kwanza, kabla ya timu nzima. Mwite mchana, mahali pa wazi, msaidizi wako akiwepo. Usimwombe ruhusa ya kuwa kocha, na usijaribu kumwonyesha nani mkubwa. Muulize timu inafungwa vipi. Mtu wa miaka 34 aliyecheza mechi zote za msimu anajua. Andika anachosema mbele yake. Halafu mpe kazi inayoonekana, labda kupanga ukuta wa mipira ya adhabu au kuwaongoza vijana kupasha misuli. Kama baada ya hapo atakupinga, ataonekana anaipinga kazi aliyoipokea kwa mkono wake.

Kinachonipa wasiwasi katika barua yako ni ile miezi miwili ya mishahara, kuliko umri wa nahodha na kuliko hata nafasi kwenye msimamo. Hii ni shida ya zamani kwetu. Unakumbuka Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa walipoondoa udhamini wao, klabu zilivyobaki zikihangaika kulipa hata nauli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wewe una mshahara wa ualimu. Vijana wale wengine wamepanga nyumba mitaa ya Nyalenda na Manyatta, Kisumu, na mwenye nyumba anagonga mlango kila asubuhi. Hapa nikuambie jambo ambalo halisemwi kwenye simu. Klabu nyingine humwita mwanamke wakati kama huu kwa matumaini kwamba wachezaji wataona haya kumgomea. Wanataka mama wa timu, mtu wa kuwatuliza watoto. Usiikubali kazi hiyo, kwa sababu siku watakapogundua kwamba upole wako ulitumiwa kuwachelewesha, hawatakusamehe, na watakuwa na haki.

Kwa hiyo mwulize mwenyekiti tarehe. Mwezi mmoja ulipwe kabla ya mechi yako ya kwanza, na awaambie wachezaji yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, wewe ukiwa umesimama kando. Wewe usiahidi hela ambayo hujaishika. Wakiuliza, jibu lako ni moja: “Hilo ni la ofisi, nimewauliza, wamesema tarehe fulani.” Basi.

Mama mkwe mjibu kwa heshima, maana ameuliza jambo la kweli na nyumba nyingi za huku zingeuliza hivyohivyo. Mwambie kuna utaratibu, na mweleze. Kwanza, viwanja vingi vya madaraja yetu havina chumba chochote, watu wanabadilishia nyuma ya basi au chini ya mti, na kocha anazungumza nao wakiwa wamevaa, pale kwenye nyasi. Palipo na chumba, kama uwanja wa Bukhungu hapa Kakamega au Uwanja wa Moi Kisumu, mapumziko ni dakika 15. Dakika tano za kwanza ni zao: maji, choo, jezi kavu, daktari wa timu kuangalia waliogongwa. Nahodha au msaidizi anakuja mlangoni kukuita. Unabisha, unaingia, mlango unabaki nusu wazi, unasema mambo mawili, yakizidi sana matatu, unatoka. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi na ninaamini hata makocha wanaume wangeiga. Zile dakika tano hunisaidia kupunguza hasira na kuchagua maneno.

Safarini uwe na chumba chako peke yako, na kiwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo ili usionekane unaomba hisani. Ujumbe wa simu kwa wachezaji uende kwenye kundi la timu, si kwa mtu mmojammoja usiku. Mazungumzo ya faragha yafanyike mchana, mahali panapoonekana. Haya yanakulinda wewe na yanawalinda wao, na yakiwekwa siku ya kwanza hakuna anayeyaona ajabu.

Majukwaani watakuambia ukapike. Wataimba mambo ambayo sitayaandika hapa. Mwombe mwenyekiti aweke walinzi karibu na benchi, na wewe usigeuke. Mwanzoni nilikuwa nikigeuka. Niligundua kwamba kila nilipogeuka, benchi zima la akiba liligeuka nami, na mpira ukawa unachezwa bila mtu wetu hata mmoja kuutazama.

Kuna jambo nimeliona kwa wengi waliodumu au walioanza vizuri: walitoka ndani ya nyumba. Sabrina Wittmann alikuwa kocha wa vijana wa Ingolstadt kabla ya kukabidhiwa timu kubwa ya daraja la tatu la Ujerumani mwezi Mei 2024, msimu ukielekea mwisho kama huo wako. Alianza kama wa muda, akabeba kombe la jimbo la Bavaria, na mwezi uliofuata akapewa kazi moja kwa moja. Hannah Dingley, aliyeishika Forest Green Rovers ya Uingereza kwa wiki mbili hivi Julai 2023, alikuwa mkuu wa akademia yao. Marie-Louise Eta alikuwa msaidizi Union Berlin, na kocha mkuu alipofungiwa, Januari 2024, yeye ndiye aliyeongoza benchi dhidi ya Darmstadt na wakashinda 1-0. Watu hawa waliwajua vijana kwa majina, walimjua mpishi, walijua nani anamnong'oneza rais. Wewe unatoka nje. Ndiyo maana nimesema msaidizi umchague wewe, lakini atoke mle ndani, mtu ambaye wachezaji wanamwamini na hakuitaka kazi yako. Ukikosa mwingine, mchukue kocha wa makipa. Huwa anayajua yote.

Na usiogope kipigo. Chan Yuen-ting wa Hong Kong alipewa timu ya Eastern Desemba 2015, akiwa na miaka 27, mdogo kuliko wewe, na msimu huohuo akachukua ubingwa wa ligi kuu. Hakuna mwanamke kabla yake aliyekuwa ameipa timu ya wanaume taji la ligi kuu ya nchi. Mwaka uliofuata, mechi yake ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa ya Asia, Guangzhou Evergrande iliyofundishwa na Luiz Felipe Scolari, yule aliyeipa Brazil Kombe la Dunia 2002, iliwafunga 7-0. Saba! Alirudi mazoezini kama kocha yeyote anayefungwa na matajiri.

Kwetu njia imeshafunguliwa. Salma al-Majidi wa Sudan amefundisha klabu za wanaume za madaraja ya chini, ikiwemo Al-Ahly ya Gadaref, katika nchi ambayo mwanamke kuonekana tu uwanjani kulikuwa vita. Hapa Kenya, Jackline Juma alipewa ukocha mkuu wa FC Talanta katika Ligi Kuu mwaka 2024. Mwaka huohuo Mildred Cheche aliwapeleka Junior Starlets, wasichana wa chini ya miaka 17, Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, na wakaifunga Mexico 2-1. Beldine Odemba amekaa kwenye benchi la Harambee Starlets. Mwenyekiti wako akikuambia utakuwa wa kwanza, mrekebishe taratibu. Afadhali usiwe wa kwanza. Wa kwanza huangaliwa nywele.

Kuhusu mpira wenyewe nitasema machache, maana B unayo. Mechi tisa ni alama 27, na timu ya tatu kutoka mkiani haihitaji zote. Usiwabadilishie mfumo, hakuna muda. Hesabu mabao waliyofungwa msimu huu, uyapange: mangapi ni kona, mangapi mipira ya adhabu, mangapi makosa ya kipa na mabeki kupasiana. Nimefanya hesabu hiyo kwa timu nyingi za huku na mara nyingi mipira iliyosimama inakula sehemu kubwa. Hicho kinatibika kwa mazoezi mawili kwa wiki bila pesa yoyote. Pia fanyeni mazoezi saa ileile mnayochezea. Jua la Kisumu la saa tisa alasiri halimjui mtu aliyezoea kukimbia alfajiri.

Usiache kazi ya ualimu kwa mechi tisa. Ongea na mwalimu mkuu wako, upate ruhusa yenye maandishi inayotaja siku na saa, ili isije ikasemwa ulitoroka darasa.

Basi ushauri wangu ni uende umwone mwenyekiti, na ule ukurasa mmoja mkononi. Akisaini mambo mawili, kikosi na tarehe ya mishahara, chukua kazi hata kama mengine yamepungua. Akisema hayo mtayaona mbele ya safari, mshukuru kwa chai urudi darasani. Simu nyingine itakuja, na hiyo B haiozi.

Ukisaini, niandikie mechi ya kwanza ni wapi. Ikiwa ni Bukhungu nitafika mapema, kabla ya saa nane, na nitaomba waamuzi wanionyeshe ile fomu. Nataka kuuona mwandiko wako.